Pikipiki iliyolala stoo miaka saba: ninunue au niiache?

"Fundi, shikamoo. Niko Muheza. Kuna mama mjane, mumewe alikuwa bwana shamba, anauza Honda XL 125 ambayo imekaa stoo miaka saba tangu marehemu alipoanza kuugua. Anataka laki nane. Kilomita zinasoma 14,000 tu na rangi bado inang'aa. Kijana wake anasema iliwekwa nzima, ikitiwa petroli mpya na betri itawaka hapo hapo, na fundi wa kijiweni ameniambia tuisukume mteremkoni kwa gia ya pili. Namba yake bado ni ya DFP, yaani ya miradi ya wahisani. Mama anasema mumewe aliuziwa mradi ulipofungwa na karatasi zipo, ila hajaziona siku nyingi. Nataka chombo cha kwendea shamba, kilomita 18 za barabara ya udongo, na mpya ya dukani siiwezi. Je, ninunue? Na naweza kuiamsha mwenyewe?"

Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya yote naomba huo mteremko muuache kwanza. Umeuliza kama chombo ni kizima na kama unaweza kukiamsha mwenyewe, na nitayajibu yote mawili kwa urefu, lakini namba ya DFP umeitaja kwa kupita tu kana kwamba ni jambo la kumalizia baadaye, ilhali kwa maoni yangu hilo ndilo linaloweza kukupotezea laki nane zote hata kama injini itawaka kwa kiki moja. Nitaanza na injini kwa sababu hapo ndipo unapoweza kuharibu kitu wiki hii hii, kisha nitarudi kwenye karatasi.

Kwamba pikipiki iliwekwa nzima huenda ni kweli, na simtilii shaka kijana wa marehemu. Kosa liko katika kudhani kwamba kilichowekwa kizima hubaki kizima. Pikipiki inayotembea kila siku hujitunza bila mwenyewe kujua: oili hurushwa upya kwenye kuta za silinda, joto la injini hufukuza unyevu uliojikusanya usiku, petroli haikai ndani ya kabureta, kile kifaa kinachoichanganya na hewa, kiasi cha kuharibika, na sili za mpira hubaki laini kwa kuwa zimelowa. Ikisimama, kazi hizo zote husimama pamoja nayo. Ndiyo maana kilomita 14,000 zinakueleza machache sana kuhusu hali ya leo, na hata hesabu hiyo ni ya kuamini ikiwa tu waya wa spidi haukuwahi kukatika. Ukitaka kujua imetembea kiasi gani, angalia mpira wa kukanyagia wa mpini wa kiki, pedeli ya breki ya nyuma na meno ya sproketi. Vitu hivyo havisemi uongo, na hakuna anayekumbuka kuvibadilisha ili kumpendeza mnunuzi.

Sasa injini yenyewe. Hiyo ni injini ya silinda moja, ya mipigo minne. Siku marehemu alipoizima kwa mara ya mwisho, pistoni ilisimama mahali fulani ndani ya silinda, na kutegemea mahali hapo, huenda vali moja ilibaki wazi kidogo. Kwa miaka saba hewa ya Muheza, ambayo wewe mwenyewe unajua ilivyo na unyevu, imekuwa ikiingia kupitia bomba la moshi au njia ya hewa na kugusa chuma. Utando wa oili uliokuwa kwenye ukuta wa silinda uliteremka chini zamani. Mahali ringi za pistoni zinapoegemea ukuta, chuma kwa chuma, kutu huanza, na haihitaji kuwa nyingi: mstari mwembamba kama uzi unatosha kuishikilia ringi kama gundi. Mtu akipiga kiki au akiisukuma kwa gia, lazima kitu kimoja kiachie, ama kutu ama ringi, nawe huna namna ya kuchagua ni kipi.

Niliwahi kuletewa injini ya namna hiyo ikiwa imefungwa ndani ya kiroba. Vijana waliisukuma ikiwa na mtu juu, tairi la nyuma likaburuta hatua tatu hivi, kisha injini ikazunguka na watu wakashangilia. Iliwaka, ikatoa moshi wa buluu kwa siku nne, ikapoteza nguvu. Nilipoifungua, ringi ya juu ilikuwa vipande vitatu, na kwenye ukuta wa silinda kulikuwa na mfereji ambao kucha yangu ya kidole gumba ilikwama ndani yake. Silinda ile pengine ingeokolewa kwa vijiko viwili vya oili na subira ya siku mbili.

Basi njia ya salama ndiyo hii, na unaweza kuifanya mwenyewe ukiwa na mkono wa taratibu. Safisha kwa brashi mchanga na vumbi lililozunguka plagi kabla hujaifungua, maana kila punje iliyopo hapo itaangukia ndani. Plagi yake kwa kawaida ni ya namba D8EA, ile ile inayotumiwa na pikipiki nyingi za Kichina za 125, na hufunguliwa kwa spana ya plagi ya milimita 18. Changanya oili ya injini na mafuta ya taa nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vya chai kwenye tundu la plagi, funika tundu kwa kitambaa safi, kisha ondoka. Rudi kesho, au keshokutwa ikiwezekana. Upande wa kushoto wa injini, kwenye mfuniko wa magneti (sehemu inayozalisha umeme injini inapozunguka), kuna kizibo cha kufungua kwa bisibisi pana. Ndani yake utaona nati ambayo ukiishika kwa soketi unaweza kuzungusha injini kwa mkono, kinyume cha mwendo wa saa. Jaribu kuizungusha kidogo tu, mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu kufuli asilolijua. Ikigoma, usichomeke bomba kwenye mpini wa spana ili kupata nguvu zaidi. Ongeza mchanganyiko, subiri tena. Injini ambayo haijasogea hata kidogo baada ya wiki nzima si ya kuamshwa tena uwanjani, ni ya kufunguliwa kichwa mezani kwa fundi, na bei yake inapaswa kuwa bei ya injini mbovu.

Ikisogea, izungushe mara kadhaa plagi ikiwa nje, ukiwa umeweka kitambaa mbele ya tundu kwa sababu oili itaruka. Baada ya hapo ndipo unaruhusiwa kugusa kiki. Weka kidole gumba juu ya tundu la plagi na umwombe mwenzako apige kiki taratibu: kidole kinapaswa kusukumwa kwa nguvu mpaka ushindwe kukizuia. Kikisukumwa kwa unyonge, huenda vali haikai vizuri kwa sababu ya kutu au ringi zimelala kwenye mifereji yake. Wakati mwingine hali hiyo hupona yenyewe baada ya injini kufanya kazi saa moja mbili, ila wewe usilipie tumaini hilo.

Jambo la adabu hapa. Kufungua plagi na kumwaga oili kwenye chombo cha mtu si jambo la kufanya kwa kujiamulia. Mwombe mama ruhusa mbele ya mwanawe, na umweleze kabisa utakachogusa na kwa nini. Wengi hukubali wakiona unatunza mali yao. Asipokubali, ni haki yake, nawe una haki ya kuihesabu injini kuwa imeshika na kutoa bei kwa msingi huo.

Tuje kwenye petroli, ambako kijana amesema nusu ya ukweli. Ni kweli inahitaji petroli mpya, lakini petroli mpya juu ya uchafu wa zamani haisaidii kitu. Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi. Vile vyepesi, ambavyo ndivyo hushika moto kirahisi, huvukiza kwanza, na vinavyobaki huungana na hewa na kugeuka utomvu wa rangi ya kahawia wenye harufu kama ya vanishi iliyosahaulika kwenye kopo. Ukifungua bakuli la kabureta utauona umekauka chini kama asali iliyoganda. Utomvu huo huharibu zaidi kwenye jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa imetulia bila kuvutwa. Tundu lake halifiki nusu milimita. Ishike kuelekea jua: ukiona nukta ya mwanga iliyo duara kamili, imepona, usipoona kitu, au ukaona mwezi mwandamo, bado imeziba. Usiichokoe kwa waya wa chuma, kwa sababu jeti ni ya shaba laini na tundu likitanuka halirudi. Iloweke kwenye thina usiku kucha, ipulize kwa hewa ya pampu, na ikibidi tumia unyoya mmoja wa brashi ya nailoni. Nikwambie pia kwamba pikipiki inayokubali kuwaka ikiwa choki (kibanio cha hewa cha kuwashia) imevutwa tu, na kuzima kila choki inaporudishwa, mara nyingi ugonjwa wake ni jeti hii, hivyo muuzaji akikuonyesha inavyonguruma huku choki iko juu, usishangilie naye.

Tangi nalo lina yake. Kama liliachwa na petroli nusu, sehemu ya juu ilikuwa hewa yenye unyevu, na hapo ndipo kutu hukaa. Chungulia kwa tochi, siyo kwa kiberiti, na nasema hivyo kwa sababu nimewahi kumnyang'anya mtu kiberiti. Ukiona vumbi jekundu jepesi, linasafishika: ng'oa tangi, mwaga kila kilichomo, litikise na kokoto safi na siki, liache siku nzima, suuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wa siki, likaushe juani na ulipake oili ndani siku hiyo hiyo kabla kutu mpya haijaanza. Ukiona mabamba yanayobanduka, au petroli inalowesha sehemu ya chini ya tangi kwa nje, hilo ni la kutafutiwa lingine. Kwa jaribio la kwanza la kuwasha usilitumie tangi kabisa. Ning'iniza chupa ndogo yenye petroli safi juu kidogo ya kabureta, iunganishe kwa mpira, na mfanye kazi hiyo nje, mbali na jiko la mama.

Kabla ya kuwasha fungua pia boksi la chujio la hewa. Chujio la sponji la umri huo likiguswa husagika kama mkate mkavu, na injini ikiwaka humeza makombo yake yote. Humo humo ndimo panya hupenda kuzalia, na mdomo wa bomba la moshi ni nyumba nzuri ya nyigu wa udongo. Mwaga oili ya zamani hata kama inaonekana safi. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Injini hii hupokea karibu lita moja, kwa hiyo si gharama ya kuogopa, na uimwage tena baada ya kilomita mia moja za mwanzo kwa sababu itakuwa imesomba takataka zote.

Umeme usikutishe sana. Kwenye pikipiki nyingi za aina hii moto wa plagi hutoka kwenye magneti, si kwenye betri, hivyo betri iliyokufa siyo inayozuia isiwake na betri mpya siyo dawa aliyoifikiria kijana. Ukija kununua betri, soma kwanza volti, kwa kuwa za zamani ni za volti 6 na anayekuwekea ya 12 anakuunguzia taa.

Kinachonitia hofu kuliko injini ni matairi na breki, kwa sababu injini ikikataa utabaki nyumbani, lakini vitu hivi hukataa ukiwa njiani. Ubavuni mwa tairi tafuta tarakimu nne zilizofungwa kwenye kijiduara kirefu: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, hivyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa na meno yote na bado likachanika kama gamba, na mpira wa ndani huwa umegandana nalo pale uzito uliposimama. Hesabu kwamba unabadilisha yote mawili pamoja na mipira yake. Hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni: XL kwa kawaida mbele huvaa tairi la inchi 21, wakati bodaboda karibu zote za mtaani kwenu ni za 17 au 18. Soma saizi, kisha nenda duka la spea ukaulize kama wanayo na kwa bei gani kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Breki nazo zifungue. Katika breki za ngoma, kitambaa cha kukwaruzia kimebandikwa kwa gundi kwenye kiatu cha breki, na gundi ya miaka mingi huachia; kitambaa kikibanduka gurudumu likiwa linazunguka, linaweza kushika ghafla. Klachi ijaribu bila kuwasha injini, baada ya kuhakikisha kwamba inazunguka: tia gia, vuta mkono wa klachi, sukuma. Ikikataa kuserereka, sahani zimegandana, jambo linalotibika ila ulijue mapema.

Nimekuahidi karatasi. Namba za DFP hutolewa kwa vyombo vya miradi inayofadhiliwa na wahisani, na vyombo vya miradi mara nyingi huingia nchini kwa msamaha wa kodi. Mradi unapofungwa, chombo hakigeuki kuwa cha aliyekuwa akikiendesha. Kinatolewa kwa mnada au kwa utaratibu wa maandishi, na mnunuzi hubadilisha namba na kupata kadi yenye jina lake. Namba ya DFP iliyopo mpaka leo ina maana kwamba hatua hiyo ya mwisho haikukamilika. Huenda marehemu alinunua kihalali akachelewa kubadilisha, na huenda pia aliachiwa tu atumie, na mjane wa watu anaamini kwa moyo safi kitu ambacho hakikuwa hivyo. Kinachotofautisha hayo mawili ni karatasi ya mauzo kutoka kwenye mradi, wala si maneno ya mtu yeyote. Ikipatikana, ichukue pamoja na namba ya chesi, iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini, uende ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ukaulize kabla ya kulipa ni kodi na ada gani zitadaiwa ili chombo kisajiliwe kwa jina lako. Jibu hilo ndilo litakalokuambia bei halisi.

Na kwa kuwa mwenye mali amefariki, anayeweza kukuuzia kisheria ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama mama ameshateuliwa, ana barua. Kama bado, anaweza kuomba, na kwa kuwa pikipiki ni mali ya warithi wote, hatua hiyo inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe. Karatasi ya mradi isipopatikana kabisa, ushauri wangu ni kuiacha, hata kwa laki mbili. Utakuwa umenunua chombo ambacho kila kizuizi cha trafiki kitakuwa na swali juu yake, na ambacho hutaweza kukikatia bima kwa jina lako.

Karatasi zikiwa safi, laki nane haistahili kulipwa kwa pikipiki isiyowaka. Mimi huhesabu hivi: naulizia XL kama hiyo, inayotembea, inauzwa bei gani katika eneo hilo, natoa gharama ya matairi, mipira ya ndani, breki, cheni, betri, chujio, oili na usafishaji wa kabureta kwa bei za dukani nilizoziuliza mwenyewe, natoa kodi na ada za usajili, kisha natoa kiasi kingine kwa ajili ya nisichokiona, kidogo ikiwa injini inazunguka na kidole kimesukumwa, kikubwa zaidi ikiwa imeshika. Kinachobaki ndicho cha kumpa mama, na umwonyeshe hesabu yenyewe ili asidhani unamdhulumu kwa ujane wake. Ikiwa kinachobaki ni kidogo mno kwake, mwachie apate mwingine.

Na usiishie kwangu. Hata mambo yote yakienda vizuri, kabla ya safari ya kwanza ya kilomita 18 mtafute fundi ambaye amewahi kufungua pikipiki za aina hii, si lazima yule wa kijiweni, aangalie breki, beringi za magurudumu na za usukani akiwa ameishika kwa mikono yake, maana hayo siwezi kuyapima kwa maandishi. Mwite mapema zaidi ikiwa injini imegoma kuzunguka, ikiwa oili imetoka na vipande vya chuma, au ikiwa baada ya kuwaka moshi wa buluu unaendelea kupita dakika ishirini. Moshi mzito wa dakika za mwanzo ni ile oili tuliyomimina, huo usikushtue.

Siku ya kwenda, chukua spana ya plagi, tochi, brashi, kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa kwa ajili ya kusafishia namba za chesi, na chupa ya ule mchanganyiko. Ila uombe kuona karatasi ya mradi kwanza, na mchanganyiko uubakize kwenye mfuko mpaka uwe umeisoma.